Mtoto Mezani

Jumapili ile nyumbani kwa Mzee Mafungu kulikuwa na kicheko cha kufa mtu, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Sajini, mkwe wake, ambaye ndiye hasa hakutakiwa kucheka.

Jina la Mafungu mzee alipewa kazini. Wizara ya Ulinzi ina idara ya mipango, na idara ya mipango ina yeye. Majenerali huja na kustaafu, mawaziri huja na kufukuzwa, yeye yupo pale pale ghorofa ya tatu, anazigawa fedha za jeshi katika mafungu: hili la mishahara, hili la chakula, hili la mafuta, hili la silaha. Hajapata kushika bunduki maishani mwake. Lakini hakuna risasi iliyofyatuliwa na askari wa nchi hii ambayo haikupita kwanza mezani kwake, na hilo hupenda kulisema mbele ya wageni, tena kwa sauti.

Siku hiyo mgeni alikuwa Sajini, yuko likizo, Jumanne anarudi kituoni kwake mpakani. Mkewe, binti pekee wa Mzee Mafungu, amekaa ubavuni mwake, anamwekea minofu kwenye sahani kana kwamba huko aendako watu hawali. Ndoa yao haijatimiza hata mwaka. Mama mwenye nyumba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa upande wa pili wa meza, anakula taratibu kama kawaida yake.

"Hazina wametuletea ukomo mpya wa bajeti," Mzee Mafungu alianza. "Wanataka tukate. Kila wizara ilete kitu cha kukatwa, iende ikajieleze mbele ya kamati ya bunge."

"Sasa baba, nyinyi mtakata nini?" aliuliza Sajini. "Maana huko kwetu hata sabuni tunagawana."

"Mkwe, sogea nikupe siri ya kazi." Mzee akasukuma sahani pembeni. "Mjinga akiambiwa alete kitu kikatwe, analeta kweli kitu asichokihitaji. Kinakatwa. Mwakani wanarudi kwake, si wameshaona ana vya kutoa? Sisi hatufanyi hivyo. Sisi tunaweka mtoto mezani."

"Mtoto gani tena?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo lugha yetu, mama watoto. Unachukua kile ambacho hakuna binadamu mwenye roho ya kukikata. Unakilaza mezani mbele ya wabunge, unawaambia, haya, visu hivyo, chinjeni. Nani atachinja? Wanaruka kama wameona nyoka! 'Wizara mmeingiwa na nini? Hamna huruma?' Wanakirudisha haraka haraka, na kwa aibu wanakuongezea kidogo. Kuna mwaka niliweka chakula cha makuruta. Mwaka mwingine nikaweka paa la shule ya watoto wa kambini. Hawakugusa hata msumari."

"Na mwaka huu?" aliuliza binti.

Mzee alijifuta mdomo. Alikuwa na tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kusema neno alilolipenda.

"Magari ya wagonjwa ya vituo vya mpakani."

Sajini akaangua kicheko hadi akapaliwa, mkewe akampiga piga mgongoni. "Baba, wewe kiboko! Lile la kituo chetu liko juu ya mawe, injini ilishatolewa, kuku wa mpishi ndio wanalala humo. Kila tukiuliza kamanda anasema vumilieni, mapya yamo kwenye bajeti. Kumbe mwenye bajeti ndiye ninayekula naye meza moja!"

"Yamo," alisema Mzee Mafungu. "Yatabaki kuwamo. Na mimi nitakuwa nimeyalinda mengine yote yasiguswe, yakiwemo magari ya makamanda ambayo Mkurugenzi wangu amenikataza hata kuyataja."

"Na wakikubali?" alisema mwalimu.

"Wakubali nini?"

"Kukata."

Mzee Mafungu alimtazama mkewe, kisha akamgeukia mkwe wake na kumkonyeza. "Mama watoto, wewe endelea na hesabu zako za darasa la nne. Hizi niachie mimi."

Sajini akacheka tena, kwa adabu tu. Mwalimu aliinuka akakusanya sahani, na kwa kuwa binti naye aliinuka kumsaidia, wanaume wakabaki peke yao na maneno yao makubwa.

Chumba cha kamati kilikuwa na kiyoyozi kikali na viti vya kuzunguka. Kwa kawaida Mzee Mafungu alikaa nyuma ya Mkurugenzi, mafaili mapajani, tayari kumnong'oneza jibu. Miaka yote alimjua mwenyekiti wa kamati kama anavyomjua kinyozi wake: bwana mmoja mnene, mwanajeshi mstaafu, aliyekuwa hodari wa kushtuka. Mtoto akiwekwa mezani, mwenyekiti yule alishika kichwa, akagonga meza, akaita wizara wauaji, kisha wakati wa chai akamkonyeza Mzee Mafungu kwenye birika.

Lakini bwana yule alikuwa ameshindwa uchaguzi. Mwenyekiti mpya alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mkavu, mwenye miwani aliyoining'iniza kwa kamba shingoni. Ngoma hii hakuijua. Hakuna aliyemfundisha kuicheza, na hakuna aliyekumbuka kwamba ngoma ya watu wawili haichezwi na mmoja.

Kamera za televisheni zilikuwa zimewashwa. Mwenyekiti alisoma andiko la wizara ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari, mpaka alipofika pale.

"'Ununuzi wa magari ya wagonjwa ya vituo vya mpakani unapendekezwa kuondolewa,'" alisoma. "'Huduma hii inaweza kutolewa kwa njia mbadala.' Mkurugenzi, nani ameandika hapa?"

Mkurugenzi akageuza shingo. Mzee Mafungu akasimama, anajivutia koti vizuri.

"Ni mimi, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Sasa, alifikiri, sasa ndipo anashika kichwa.

"Ni kweli haya?" aliuliza mwenyekiti.

Swali lenyewe ndilo hilo tu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumuuliza swali kama hilo. Alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa ametoa jicho moja kali, lile la kusema ukiharibu hapa utanitambua. Sentensi ile ya njia mbadala Mzee Mafungu aliiandika kila mwaka, kwa chakula, kwa paa, kwa kila kitu. Ilikuwa ni pambo tu, kama vile mtu anavyoandika natumaini u mzima wa afya.

"Kwa mujibu wa andiko, Mheshimiwa," alisema, "ndiyo."

Mbunge mmoja mama, aliyekuwemo katika kamati tangu enzi za yule mnene, akajaribu. "Mwenyekiti, hawa ni askari wetu. Mtu akiumia huko maporini abebwe na nini?"

"Mheshimiwa, wewe unalijua jeshi kuliko jeshi lenyewe?" alisema mwenyekiti, na watu wakacheka. "Wenye kazi yao wamesema wana njia nyingine. Mimi nimekaa hapa wiki nzima nasikiliza wizara zinalia, hakuna hata moja iliyotoa kitu cha maana. Hawa wametoa. Huu ndio uzalendo. Fungu hili limekatwa. Na ninaomba tuwapigie makofi."

Makofi yakapigwa. Kamera ikahama kutoka kwa mwenyekiti ikaja kumtafuta Mzee Mafungu, ikamkuta amesimama bado, mdomo wazi, mikono miwili imekumbatia mafaili.

Aliporudi nyumbani jirani mwenye duka alimsimamisha njiani. "Mzee, tumekuona kwenye luninga! Nchi nzima inakupigia makofi. Tungekuwa na watumishi kumi kama wewe, tungekuwa mbali." Alimshika mkono akautikisa mpaka bega likauma. Mzee Mafungu alisema asante. Angesema nini?

Ndani, binti alikuwa amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Hakuwa amevua koti jeupe la duka la dawa analofanyia kazi.

"Baba, wamechinja," alisema.

"Yatarekebishwa. Kuna taratibu."

"Kikosi chake kimepangiwa kile kituo cha juu mlimani, kule ambako hata simu inashika kwa kubahatisha. Amenipigia mchana. Amesema huko hata lile bovu la kulala kuku hawana. Utayarudisha?"

"Kesho asubuhi naingia kwa Mkurugenzi."

"Sijakuuliza utaingia kwa nani, baba. Nimekuuliza utayarudisha?"

"Mwanangu, nimekwambia kuna taratibu!" Alifoka, na mara akajiona mjinga. Mwalimu alitoka jikoni, akaweka kikombe cha chai mbele ya mumewe, akakoroga sukari, akarudi jikoni. Hakusema nilikwambia. Afadhali angesema. Mwanamume anaweza kugombana na maneno, lakini kikombe cha chai atagombana nacho vipi?

Kesho yake Mkurugenzi alimpokea kwa tabasamu.

"Mzee wangu! Kaa, kaa. Waziri amepiga simu asubuhi hii. Amefurahi mno. Amesema uandikiwe barua ya pongezi."

"Mkuu, mtoto amechinjwa."

"Nimeona. Bahati mbaya. Lakini angalia upande wa pili, magari ya makamanda yamepita bila hata swali moja. Walikuwa wameshashiba sifa zetu. Ungepanga usingeweza."

"Huko mpakani vijana wetu hawana cha kuwabeba."

"Basi mwakani utazaa mtoto mwingine," alisema Mkurugenzi, akacheka mzaha wake mwenyewe. Alipoona mwenzake hacheki, akaegemea mbele. "Nisikilize kama kaka yako. Ukirudi kwa kamati ukasema yale magari yanahitajika, umesema wizara ilidanganya. Waziri atakuwa mwongo, mimi nitakuwa mwongo, na aliyeandika ni nani? Ni wewe. Karibu unastaafu. Usije ukamwaga unga ukiwa umeshafika mlangoni."

Hata hivyo alikwenda. Tumpe haki yake, alikwenda. Aliomba ruhusa ya kwenda kuona daktari, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwenyekiti wa kamati, kati ya mwanamke aliyekuja kuomba kazi na bwana mwenye kesi ya kiwanja. Katibu muhtasi, msichana wa umri wa binti yake, alimuuliza mara mbili kama ana miadi, na mara ya pili aliuliza bila kumtazama. Mtu aliyezoea kuinukiwa na makarani ghorofa ya tatu alikaa pale hadi mchana, kofia mapajani, anasogea kila benchi linapopungua mtu.

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Kwa hiyo mlikuwa mnacheza," alisema.

"Ndivyo inavyofanyika, mheshimiwa. Miaka yote."

"Mimi nauza saruji, mzee. Mteja akiniambia hahitaji mifuko, simpelekei mifuko. Sikujua kwamba serikalini mtu akisema sihitaji ana maana nahitaji sana." Alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Kwa nini umekuja? Wizara yako imekutuma?"

"Hapana. Nina mkwe wangu huko."

Mwenyekiti alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyeupe na kalamu, akavisogeza mbele ya Mzee Mafungu.

"Ripoti yangu inasomwa bungeni Ijumaa. Kabla ya hapo naweza kuigeuza, ila siwezi kuigeuza kwa maneno ya korido. Andika hapo kwa mkono wako kwamba andiko lile halikuwa la kweli, kwamba hakuna njia mbadala. Tia sahihi yako. Magari yatarudi."

Karatasi ilikuwa tupu, safi, haina hata mstari. Mzee Mafungu aliishika kalamu. Aliona kiinua mgongo chake. Aliona nyumba aliyoanza kuijenga, imefika usawa wa madirisha. Alimwona Mkurugenzi, akaona na magazeti: mtumishi aliyeshangiliwa wiki jana adanganya bunge. Akamwona jirani mwenye duka. Na Sajini alimwona pia, msije mkadhani hakumwona, alimwona anacheka na kupaliwa. Ila Sajini alikuwa mzima, kijana, ana nguvu, na si kila askari anaumia, wengi wanamaliza utumishi wao bila hata mkwaruzo, na baada ya nusu mwaka kuna mapitio ya bajeti ambapo mtu mjanja anaweza kuchomeka jambo pasipo kelele. Ndivyo alivyojihesabia.

"Naomba nikafikirie, mheshimiwa."

"Fikiria," alisema mwenyekiti. "Mimi nilidhani aliyekaa kwenye benchi langu tangu asubuhi ameshafikiria."

Ijumaa ikaja, ripoti ikasomwa, ikapitishwa kwa sauti moja.

"Amekataa," Mzee Mafungu aliwaambia nyumbani. "Nimekaa kwake kama ombaomba. Amekataa. Lakini tuna mapitio ya nusu mwaka, hapo nitayarudisha, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Binti alilia kidogo, akampigia mumewe. Mwalimu alimtazama mzee jinsi anavyomtazama mwanafunzi anayesema daftari langu limepotea njiani. Alimtazama kitambo, kisha akaendelea kukunja nguo.

Binti akaleta simu. "Anataka kuongea na wewe."

"Baba," sauti ya Sajini ilikuja ikikatika katika, upepo mwingi. "Usiumize kichwa. Umejaribu. Wengine hata wasingejaribu. Sisi huku tumezoea, tutajibana."

"Haya, mkwe. Jitunze."

"Nusu mwaka si kitu, baba. Nakuaminia."

Mzee Mafungu alirudisha simu haraka, akasema macho yanamwasha, ni vumbi. Barua ya pongezi ilipokuja, imewekwa kwenye fremu kabisa, aliiacha ofisini nyuma ya kabati. Mkurugenzi alimuuliza mbona hajaitundika, akajibu msumari haujapatikana.

Koplo mmoja na afisa wa kikosi walibisha hodi Jumamosi moja asubuhi, mapitio ya nusu mwaka hayajafika bado, wakati mwalimu anasahihisha madaftari barazani. Aliwaona tangu getini. Alivua miwani yake, akaziba kalamu kifuniko, akasimama. Mke wa mtu wa wizara hahitaji kuambiwa maana ya wanajeshi wawili wenye sare zilizopigwa pasi.

Afisa alisema maneno yake aliyofundishwa: taifa, ushujaa, masikitiko. Binti alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani, mswaki mkononi. Hakupiga kelele. Alisema, "Ameumia wapi?" kana kwamba afisa hakusema neno lile jingine.

"Amefariki, dada," alisema afisa.

"Nimesikia. Ameumia wapi?"

Hapo ndipo afisa alipomgeukia Koplo, kwa kuwa Koplo alikuwepo. Kijana alikuwa na bandeji kiganjani na alisimama kama anayesubiri kupigwa.

"Gari la doria lilipinduka kwenye utelezi," alisema. "Mimi nilirushwa nje. Yeye chuma kilimkandamiza paja. Tulimtoa, tukamfunga. Alikuwa anaongea vizuri, dada, alikuwa mzima. Tukaita kwa redio watuletee gari la wagonjwa. Wakasema hakuna, tutumie njia mbadala."

Mzee Mafungu alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni. Hakuna aliyemtazama.

"Njia gani?" aliuliza mwalimu.

"Tulisimamisha lori la mkaa, mama. Tukamlaza juu ya magunia. Dereva hakuwa na roho mbaya, ila alisema akipeleka mzigo kwa kuchelewa tajiri wake atamfukuza, kwa hiyo alisimama mahali pawili kushusha. Mimi nilimtishia hata kwa bunduki, mama, lakini mbele kulikuwa na daraja bovu, ilibidi magunia yapunguzwe tu ndiyo lori lipite. Njia nzima Sajini anatutania. Tukimwambia vumilia, anasema, 'Nyinyi ndio mvumilie. Baba mkwe wangu ndiye mwenye magari. Mkimwona mwambieni moja alilete huku.'" Koplo akamgeukia Mzee Mafungu. "Alikuwa anatania tu, mzee. Hakusema kwa ubaya. Baadaye akaanza kuona baridi. Daktari wa wilaya alisema tungewahi kidogo, angebaki."

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza binti.

"Dada, usiulize hivyo."

Binti alikaa chini kwenye sakafu ya baraza, akashika kichwa, ndipo sauti ikamtoka. Mwalimu akapiga magoti akamkumbatia. Mzee Mafungu aliinuka aende kwao, akafika nusu, mkewe akanyoosha kiganja pasipo kugeuka. Kilikuwa kiganja tu, kama cha kusimamisha watoto wasivuke barabara. Akasimama hapo hapo. Ndani ya kifua chake kulikuwa na karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu, na hakuna mtu wa kumwambia.

Waziri alisema atahudhuria maziko mwenyewe, na neno hilo liliamsha wizara nzima. Siku ya kuzika, mtaa ulijaa magari tangu asubuhi. Askari wa usalama barabarani walifunga njia. Gari la jeneza lilikuwa jeusi, refu, la vioo, limeng'arishwa mpaka watu walijiona ndani yake. Bendi ilikuwa na basi lake. Makamanda walikuja na yale magari yao mapya yaliyopita bila swali, viti bado vina nailoni. Na nyuma kabisa ya msafara, taa zikizunguka kimya kimya, lilisimama gari la wagonjwa, jipya, jeupe, milango ya nyuma wazi, ndani kuna kitanda, mitungi ya hewa, na wauguzi wawili waliovaa glovu.

Jirani mwenye duka alisema, "Kweli kijana wetu ameheshimiwa." Watu wakaitikia.

Binti alitoka nyumbani amevaa nyeusi, mama yake amemshika mkono. Walitakiwa kupanda basi la familia. Alitembea kulipita basi, akapita magari ya makamanda, mama yake akamwachia mkono asijue la kufanya. Alipofika mwisho wa msafara alisimama kulitazama gari lile jeupe. Akapanda. Akakaa juu ya kitanda, akavua viatu, akajilaza chali, mikono kifuani.

"Dada, unajisikia vibaya?" aliuliza muuguzi.

"Hapana."

Mwenye itifaki, kijana mwenye suti na simu sikioni, alikuja mbio. "Nani huyu? Mtu amtoe! Hilo ni la msafara wa Mheshimiwa, sheria hairuhusu msafara uondoke nalo likiwa na mtu." Akaelezwa ni mjane mwenyewe. Akakuna kichwa. Askari wawili walisogea, wakarudi nyuma, nani atamvuta mjane miguu mbele ya kamera? Waziri alikuwa ameshaketi garini mwake, anatazama saa. Mkurugenzi akapita katikati ya watu, akamshika Mzee Mafungu kiwiko.

"Mzee wangu, ongea na mwanao. Tunaaibika."

Mzee Mafungu alikwenda. Watu walimpisha. Alishika ukingo wa mlango wa gari, akainama ndani. Kulikuwa na harufu ya plastiki mpya.

"Mwanangu, shuka twende tukamzike mumeo."

Binti alikuwa anatazama dari, pale penye ndoano ya kutundikia chupa ya damu. "Hili lilikuwa wapi, baba?"

Mzee Mafungu angeweza kusema hapo. Angeweza kumwambia habari ya kalamu na karatasi, mbele ya watu wote. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni kile alichokijua maisha yake yote, tena kilikuwa ni kweli tupu, hakuna wa kukipinga.

"Hili si la mpakani," alisema polepole. "Ni la maziko ya kitaifa na misafara ya viongozi. Lina fungu lake."

Binti aligeuza uso akamtazama. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi bwana huyu. Kisha akakaa, akavaa viatu, kimoja kimoja. Mzee akanyoosha mkono amshike ashuke. Binti akaushika mkono wa muuguzi.

Alirudi kwa mama yake, wakapanda basi. Muuguzi alinyoosha shuka pale alipolala, akafunga milango. Mwenye itifaki akapunga mkono, bendi ikaanza, na msafara ukaondoka, gari la wagonjwa likiwa la mwisho, ndani hamna mtu.